Minyoo ya kuku: Mbegu za papai na maboga zinasaidia, lakini zisiachiwe kazi yote

MKULIMA wa Nandagala, wilayani Ruangwa, hupata fedha kwa misimu: ufuta katikati ya mwaka, korosho mwishoni. Kati ya misimu hiyo, kuku wa kienyeji ndiye huuzwa likizuka la daftari, matibabu au nauli ya kwenda Nachingwea. Minyoo haiui kuku kwa mkupuo kama mdondo, ndiyo maana hasara yake haihesabiwi. Lakini mchuuzi anaihesabu: humnyanyua kuku, akipapasa kifua na kukuta mfupa umechongoka, hushusha bei.

Minyoo inayosumbua zaidi ni ile mikubwa ya mviringo, myeupe kama tambi, yenye urefu wa sentimeta 5 hadi 12. Huishi katika utumbo mdogo na kunyang'anya kuku chakula. Kuku anakula lakini anakonda, mayai yanapungua, na vifaranga wa chini ya miezi 3 wanadumaa. Mwaka 2014, watafiti wa Denmark walieleza kuwa minyoo hii hudhoofisha kinga ambayo kuku huipata baada ya kuchanjwa mdondo. Kwa hiyo mwenye kuku wenye minyoo anaweza kulipia chanjo asipate faida yake yote.

Kutambua ni rahisi. Kila unapochinja kuku, pasua utumbo kwa urefu na utazame. Ukikuta minyoo kwa mmoja, ujue na wenzake wanayo.

Mbegu za nyumbani

Wafugaji wengi hutumia mbegu za papai, mbegu za maboga, vitunguu saumu au majani ya mwarobaini. Papai lina sababu yake: utomvu wake una kimeng'enya cha papaini, kinachomeng'enya ngozi ya mnyoo, na majaribio kwa kuku yameonyesha kuwa utomvu huo hupunguza minyoo ya mviringo. Mbegu za maboga zina kiini kiitwacho kukurbitini, kinachodhoofisha minyoo. Vitunguu saumu havina ushahidi wa namna hiyo: jaribio la Uholanzi lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha kuwa bidhaa ya kiini chake haikupunguza minyoo ya kutosha, wakati dawa ya dukani ilifanikiwa.

Ukitaka kutumia mbegu, zianike kivulini, zitwange, uchanganye unga wake na pumba za mahindi. Wape kuku asubuhi kabla ya kuwafungulia, wakiwa na njaa. Mbegu za papai zisiwe chakula cha kila siku kwa jogoo wa mbegu, kwani majaribio kwa panya yameonyesha kuwa zikizidi hupunguza uwezo wa dume kuzalisha.

Mbegu hizi hazina kipimo kilichothibitishwa kama cha dawa. Zichukuliwe kuwa kinga ya kupunguza minyoo kati ya dozi moja na nyingine. Kundi lililokwisha kukonda linahitaji dawa.

Dawa na usafi

Piperazini ni dawa ya minyoo mikubwa ya mviringo, lakini haiui tegu, ambao kuku huwapata kwa kula sisimizi na mbawakavu. Muulize afisa mifugo wa kata dawa inayofaa, na usile wala kuuza mayai na nyama kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kwisha. Kuku wakihara damu, hiyo huenda ni koksidiosisi. Mbegu wala dawa ya minyoo haitaitibu.

Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi. Kwenye udongo wenye joto na unyevu huwa tayari kuambukiza baada ya wiki 2 hivi, kisha hudumu kwa miezi. Hapa mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, hivyo toa dawa kabla hazijaanza, kisha kila baada ya miezi 3.

Fagia banda kila siku, badilisha matandiko yaliyolowa, weka chakula kwenye chombo badala ya kukimwaga chini, na watenge vifaranga na kuku wakubwa. Kinyesi kilichofagiwa kifukiwe kwenye shimo la mboji, mbali na banda. Bila kufanya hivyo, kuku aliyetibiwa leo ataokota minyoo mingine uani kwako.