Konji ya msiba na ya arusi: "baba" ni nani mbele ya sheria?



Wengi wenu, wa viwandani hapa Bujumbura na wa mashamba ya chai kule Teza na Rwegura, mmetuletea swali moja. Mtu amefiwa, au mke amejifungua, au binti anaolewa, naye yuko kazini. Je, ana haki ya kwenda bila kukatwa mshahara? Na kama anayo, ni siku ngapi, na kwa jamaa gani? Tumeona si vema kumjibu kila mtu peke yake mlangoni. Afadhali tuandike, ili karatasi hii isomwe na wale wasiofika ofisini pia.

Kwanza tutofautishe konji. Konji ya mwaka ni ya kupumzika, na tarehe yake hupangwa mapema. Konji ya ugonjwa ni ya mwili wako mwenyewe, na daktari ndiye anayeiandikia. Iko ya tatu ambayo wengi hawaijui jina, ile ya mambo yanayoangukia nyumba: kifo, uzazi, ndoa. Kwenye karatasi za Kifaransa za ofisi huitwa congé de circonstance. Shikeni jina hilo hata kama Kifaransa hamkijui, maana ukimwambia karani "naomba ruhusa", atakuandikia ruhusa, na ruhusa tupu mara nyingi haina mshahara. Au atakukatia siku katika konji yako ya mwaka, nawe hutajua mpaka mwezi wa kupumzika ufike ukute siku zimeliwa. Konji ya matukio ni kitu cha peke yake. Haitoki katika konji ya mwaka.

Sheria ya Kazi ya Burundi ni ile ya tarehe 7 Julai 1993, iliyofanyiwa marekebisho kwa Sheria namba 1/11 ya tarehe 24 Novemba 2020. Mwenye kijitabu cha zamani asikifungue mbele ya patroni akidhani amebeba silaha. Kwanza aulize kama kifungu bado ni kile kile. Tena uko mkataba wa pamoja wa kazi wa taifa zima, uliotiwa sahihi tarehe 3 Aprili 1980, na iko mikataba ya kampuni moja moja. Katika mambo haya kampuni yaweza kumwongezea mfanyakazi juu ya sheria, lakini haiwezi kumpunguzia. Kwa hiyo hesabu ya siku zako itafute katika mkataba wa pamoja wa kampuni yako. Mjumbe wa wafanyakazi awe na nakala yake. Mjumbe asiye na nakala ni kama dereva asiyejua breki iko wapi.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza kuliko yote, yaani jamaa ni nani.

Sisi tuna baba wengi. Ndugu wa baba ni baba mdogo au baba mkubwa, na kwa Kirundi tunamwita data wacu, yaani baba yetu. Dada wa mama ni mama. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu, wala hatumwiti jina jingine. Sheria zilizoandikwa kwa mtindo wa Wabelgiji hazihesabu hivyo. Zinahesabu ngazi, kama mtu anayepanda na kushuka. Kutoka kwako kwenda kwa baba au mama aliyekuzaa ni ngazi moja. Kwenda kwa mtoto wako ni ngazi moja. Ndugu yako wa tumbo moja yuko ngazi ya pili, kwa sababu unapanda kwanza kwa mzazi ndipo unashuka kwake. Babu, bibi na mjukuu nao ni ngazi ya pili. Baba mdogo je? Unapanda kwa baba, unapanda kwa babu, unashuka kwake: ngazi ya tatu. Na sheria za namna hii kwa kawaida husimama kwenye ngazi ya pili.

Lazima tukiri kosa letu hapa. Miaka iliyopita, tulipokuwa tungali wapya katika kazi hii ya sendika, tuliwaambia wenzetu waandike "baba" kwa kila anayeitwa baba. Tuliona ni haki, na kwa lugha yetu haikuwa uongo. Mwenzetu mmoja wa kiwanda fulani, ambacho hatutakitaja, alifiwa na baba mkubwa. Akaandika "baba", akapewa siku, akaenda akazika. Mwaka uliofuata alifiwa na baba aliyemzaa. Alipopeleka karatasi, karani akafungua faili na kumwambia: "Baba yako tulimzika mwaka jana." Walicheka ofisini. Yeye hakucheka. Alinyimwa siku, akaenda hivyo hivyo kwa sababu hakuna mtoto asiyemzika baba yake, na aliporudi akakuta barua ya kumshtaki kwa uongo na kutoroka kazi. Tulihangaika miezi kumtetea. Kazi hakuipoteza, lakini mshahara wa siku zile haukurudi, na onyo la maandishi likabaki katika faili lake. Kosa hilo lilikuwa letu kabla halijawa lake.

Tangu siku ile tunasema: andika jamaa kama alivyo. "Baba mkubwa, ndugu wa baba yangu." Kama mkataba haumtaji, omba siku moja au mbili katika konji ya mwaka, au siku zisizo na mshahara, na upewe jibu kwa maandishi. Ni uchungu, tunajua, hasa kwa yule aliyelelewa na baba mdogo tangu utoto. Lakini siku za baba mzazi zitakuwa bado zipo.

Kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya mpaka, na wengine wamefanya kazi huko, yafaa tuone majirani wanavyohesabu. Pale Uvira, Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 146, inataja wazi: mfanyakazi akioa au akiolewa, siku 2 za kazi, mke akijifungua, siku 2, mtoto akioa au akiolewa, siku 1, akifa mume, mke, au jamaa wa ngazi ya kwanza, siku 4, akifa wa ngazi ya pili, siku 2. Tena inahesabu na wakwe. Mama mkwe ni ngazi ya kwanza kwa njia ya ndoa, kwa hiyo ana siku 4 sawa na mama mzazi. Wanaume wengi hawalijui hilo.

Ukivuka ziwa kwenda Kigoma, mambo ni mengine. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, haisemi habari za ngazi bali inawataja watu kwa majina ya undugu: mume au mke, mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, ndugu. Siku ni 4 zenye malipo. Uzuri wake ni kwamba mtoto akiugua tu, bila kufa, siku hizo nazo zinatumika. Ubaya wake ni kwamba wakwe hawamo, na siku 4 ni za mzunguko mzima wa likizo hata misiba ikifuatana. Baba wa mtoto aliyezaliwa ana siku zake 3, ila azichukue ndani ya siku 7 tangu uzazi. Kenya nayo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina likizo ya uzazi ya mama na ya baba, lakini konji ya msiba haimo. Mchumaji chai wa Kericho anaipata pale tu ambapo chama chake kimeiandika katika mkataba wa pamoja. Wanaotuuliza michango ya chama inafanya kazi gani watazame hapo.

Turudi kwetu. Iko habari ya mke. Mbele ya sheria ya Burundi, mke ni yule uliyefunga naye ndoa kwa ofisa wa komini. Mnakumbuka mwaka 2017 serikali iliwahimiza watu waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa waandikishwe kabla mwaka haujaisha. Wengi walikwenda, wengine walisema watakwenda kesho. Yule wa kesho, mke wake akijifungua leo, karani atamuuliza cheti cha ndoa. Mtu amekaa na mwanamke miaka kumi na mitano, wana watoto watano, na siku ya msiba anaambiwa kwamba aliyekufa si mtu wake. Hatusemi habari za dini wala za mila hapa. Tunasema habari za karatasi. Nendeni mkaandikishe ndoa, na watoto pia.

Siku zinahesabiwaje? Soma kama imeandikwa "siku za kazi" au siku tu. Siku 4 za kazi zikianza Alhamisi, mahali ambapo Jumamosi ni siku ya kazi, ni Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu, maana Jumapili haimo. Unarudi Jumanne. Wako makapita wanaohesabu Jumapili ili mtu arudi Jumatatu, na mtu anarudi kwa kutojua. Habari ya kifo ikikukuta saa sita katikati ya kazi, uliza siku hiyo inahesabiwa au la, na jibu liandikwe kwenye fomu. Siku za safari nazo mara nyingi hazimo. Mfanyakazi wa miwa kule Moso ambaye kwao ni Kirundo hutumia siku nzima njiani kwenda na siku nzima kurudi. Kwa Mwislamu wa Buyenzi anayezika siku ile ile, siku 4 zinatosha. Kwa yule wa mbali zinakwisha kabla ya matanga. Tunapoketi na waajiri kufanya mkataba upya, siku za safari ziwe kati ya mambo ya kwanza mezani.

Na matanga yenyewe? Guca ku mazi, baada ya mazishi, na kuganduka, kama mwaka mmoja baadaye, si vifo mbele ya sheria. Konji ya matukio ni ya kifo chenyewe. Guca ku mazi jitahidi iangukie ndani ya siku zako, na mzungumze na wazee mapema. Kuganduka kunajulikana tarehe zamani, kwa hiyo omba siku katika konji ya mwaka wiki kadhaa kabla. Msingoje Ijumaa jioni.

Kutoa habari ni nusu ya haki. Huko California, Marekani, sheria ya elimu inawaruhusu walimu kutumia hata siku 7 kwa mwaka kwa shida za lazima, na mwenye kufiwa, au ambaye mtu wa nyumbani kwake anaumwa sana, halazimishwi kuomba ruhusa kwanza. Lakini siku hizo wanazitoa katika akiba yao wenyewe ya ugonjwa. Sisi hapa tusijidanganye kwamba kifo kinajitangaza kazini. Habari ikija usiku, piga simu kwa kapita au kwa mjumbe kabla ya zamu kuanza, na utume ujumbe wa maandishi, usiufute. Ukirudi, leta cheti cha kifo kutoka komini, au cha kuzaliwa, au cha ndoa. Omba nakala mbili: moja ya ofisi, moja yako.

Wanaoumia zaidi katika mambo haya ni vibarua wa siku na wachumaji wanaolipwa kwa kilo. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi anaambiwa tu, hukufanya kazi, huna fedha. Mchumaji mwenye mkataba anaambiwa ana siku, lakini zinalipwa kilo ngapi? Msimamo wetu ni kwamba alipwe kwa wastani wa kilo zake za siku zilizotangulia, na jambo hilo liandikwe katika mkataba, lisiachwe kwenye kinywa cha mpima chai. Mwaka 1981, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 156, unaosema kwamba majukumu ya jamaa peke yake si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi. Waajiri wanaosema tunadai vitu vya ajabu wauone huo.

Mwisho wa mwezi tazama karatasi ya mshahara. Hesabu siku zilizolipwa, tazama na mstari wa konji ya mwaka kama umepungua. Ukiona umekatwa, usigombane na karani dirishani. Chukua karatasi hiyo, nakala ya cheti na ule ujumbe wa simu, umpelekee mjumbe. Mjumbe ataanza na mkuu wa wafanyakazi, kwa barua. Asipojibiwa, tunakwenda kwa Mkaguzi wa Kazi, na ikishindikana huko, Mahakama ya Kazi. Mara nyingi hatufiki mbali hivyo. Karani akiona cheti, tarehe, na jina la jamaa limeandikwa sawasawa, anarudisha fedha mwezi unaofuata.