Baisikeli Ifaayo kwa Njia ya Lami na ya Udongo

Mtu aendaye dukani kununua baisikeli kwa kawaida hutazama kwanza rangi, kisha hupiga kengele, huinua gurudumu la mbele na kulizungusha, halafu huuliza bei. Mambo hayo si mabaya, lakini hayamwambii kama baisikeli ile itamfikisha kazini kila siku bila kuumwa mgongo na mikono. Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za kuchagua baisikeli kwa mtu ambaye njia yake si ya namna moja, maana wengi wetu hapa Tanzania ndivyo tulivyo: barabara kuu ni ya lami, lakini kutoka hapo hata nyumbani au shuleni njia ni ya changarawe, mchanga au udongo.

Tuseme mwalimu mmoja akaa kilomita saba mbali na shule yake. Kilomita tano ni za lami, moja ni ya changarawe iliyofanya vijituta kama mawimbi kwa kupitwa na magari, na ya mwisho ni njia ya miguu yenye mchanga. Akihesabu kilomita tu atasema, “Njia yangu ni ya lami,” naye atanunua baisikeli nyepesi yenye mipira myembamba. Kwenye lami atafurahi. Lakini zile kilomita mbili zilizobaki zitamchukua muda karibu sawa na zile tano, tena ndizo zitakazompasulia mpira, kumvunjia spoki na kumwangusha. Na safari hiyo huifanya mara mbili kila siku ya kazi. Basi shauri letu la kwanza ni hili: ipime baisikeli kwa sehemu iliyo mbaya katika njia yako, wala si kwa sehemu iliyo ndefu. Baisikeli ifaayo mchangani hupungua mwendo kidogo tu katika lami. Lakini ile ya lami, ikifika mchangani, husukumwa kwa mkono.

Raha ya baisikeli hukaa katika upepo wa mipira yake kuliko mahali pengine po pote. Zamani magurudumu yalivikwa mpira mgumu usio na upepo ndani, na wapandaji walitikiswa vibaya sana. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alipata hati ya kulinda ufundi wa mpira wa upepo, ambao aliufanya kwanza kwa ajili ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu hapo upepo ndio ubebao mpandaji, na kazi yake ni rahisi kuifahamu. Ikiwa gurudumu la nyuma limebeba ratili 132, yaani kilo 60, na upepo umejazwa kwa nguvu ya ratili 44 kwa kila inchi ya mraba, basi sehemu ya mpira inayogusa chini ni kadiri ya inchi tatu za mraba. Ukijaza upepo mara mbili ya huo, sehemu hiyo hupungua ikawa inchi moja na nusu, nao mpira huzama mchangani kama kisu.

Lakini mpira mwembamba hauwezi kutiwa upepo kidogo, kwa sababu ukikutana na jiwe, rimu itaubana mpira wa ndani hata itoboke. Mpira mnene waweza. Kwa njia kama ya mwalimu wetu, mpira wenye unene wa milimita 40 hata 50 wafaa sana. Tena si kweli ya kuwa mpira mgumu kama jiwe ndio uendao mbio siku zote. Katika lami laini ni kweli kidogo. Katika changarawe nguvu nyingi za mpandaji hupotea kwa kutikiswa mwili, na mpira mnene wenye upepo wa kiasi humtangulia.

Sasa twafika kwenye jambo linalowapotezea watu fedha nyingi, nalo ni namba za mipira. Mtu husema, “Baisikeli yangu ni ya inchi 28,” akadhani amekwisha kusema yote. Sivyo. Ile baisikeli nyeusi ya zamani iliyotengenezwa Nottingham kwa jina la Raleigh, na zile za mfano wake zitengenezwazo Uhindi na China, kama Hero, Avon na Phoenix, huwa na mpira wa inchi 28 kwa 1½, ambao hukaa katika rimu ya milimita 635. Lakini baisikeli nyingi ziletwazo zimekwisha kutumika huko Ulaya zina mpira uandikwao 28 vile vile, na rimu yake ni ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini mpira wa moja haukai katika nyingine hata fundi akitumia nguvu zake zote. Kadhalika zile za inchi 26: mpira wa 26 kwa 1⅜ hukaa katika rimu ya 590, na ule mnene wa 26 kwa 1.95 katika rimu ya 559. Na ajabu ni kwamba mpira uandikwao 29 hukaa katika ile ile rimu ya 622.

Kwa hiyo usiulize inchi. Inama utazame ubavuni mwa mpira, utaona namba mbili zenye kistari katikati, mathalan 40-635 au 50-559. Ya kwanza ni unene wa mpira kwa milimita. Ya pili ni kipimo cha rimu. Iandike hiyo ya pili katika karatasi, kisha uende kwenye duka lililo karibu na kwako, si la mjini, uulize kama wanayo mipira ya namba hiyo. Kama hawanayo, iache baisikeli hiyo hata ikiwa nzuri namna gani, maana mbigiri na miba ya migunga haitakungojea mpaka uende mjini.

Vijana wengi hupenda baisikeli zenye springi mbele na nyuma. Springi nzuri husaidia kweli, lakini ni ghali. Zile za bei rahisi ni nzito, huingiwa na vumbi, hulegea baada ya muda mfupi, na fundi wa kijijini hana vyombo vyake. Heri fedha hiyo itumike kununua mipira minene.

Kiti nacho huwadanganya wanunuzi. Wakibonyeza kwa kidole na kukiona laini, husema ni cha raha. Mtu hukaa juu ya mifupa miwili, na kiti kilaini mno huiacha mifupa ile izame, nyama za katikati zikabanwa hata kufa ganzi. Kiti cha ngozi, kipana nyuma, chenye springi chini yake, ni bora kwa mtu akaaye wima. Ukae juu yake uweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu wako ukinyooka sawasawa, kiti kimekwenda kiasi. Tena simama ukiwa umeipanda, nyayo zote mbili chini; bomba la juu lisikuguse. Mwanamke avaaye gauni au kanga atafute ile isiyo na bomba la juu.

Katika nchi ya vilima giya nyingi ni msaada, ila katika udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga, mashine yake ya nyuma hujaa matope ikasimama. Ikiwa vilima ni vichache, mwambie fundi aondoe gurudumu la meno 18 la nyuma aweke la meno 22. Baisikeli ya 28 yenye meno 44 mbele itakwenda mita nne na nusu kwa kila mzunguko wa pedeli, badala ya karibu mita tano na nusu, na mlima utapungua ukali. Tazama pia kama kidole chaweza kupita kati ya mpira na madigadi. Kisipopita, udongo huo utaling'ang'ania gurudumu lisizunguke.

Kwa habari ya breki, rimu za chuma zikilowa maji hazishikwi vema, hivyo siku ya mvua anza kufunga mapema. Rimu za alumini hushikwa vizuri zaidi.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu nje ya duka, wala usiipande barabarani tu. Iingize pembeni penye mawe na mchanga, ukiwa na mzigo ule uuchukuao kila siku. Na ukiisha kuinunua, umpelekee fundi baada ya majuma mawili akaze spoki, kwa kuwa za baisikeli mpya hulegea.