Zamu ya Mwanamaji

Katika nchi jirani ya Kenya, Jeshi la Wanamaji lilianzishwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Makao yake makuu yako Mtongwe, Mombasa. Hata hivyo, kijana anayejiunga nalo haanzi na bahari. Kwanza hupitia ukurutu huko Eldoret, bara, mbali na maji ya chumvi, akifundishwa gwaride, silaha na utii. Ndipo hushuka pwani kujifunza ubaharia.

Wengi hudhani kazi ya mwanamaji ni kufyatua mizinga. Ukweli ni kwamba siku nyingi adui zake ni kutu, moto na usingizi. Chumvi hula chuma. Hivyo hana budi kukwangua na kupaka rangi, leo na kesho. Moto ukizuka katikati ya bahari hakuna zimamoto wa kuitwa. Kila aliyemo chomboni, hata mpishi, hufunzwa kuuzima. Na manowari hailali: wenzao wakipumzika, walio zamu hukesha kwenye usukani, mitambo na rada.

Septemba 2012, majeshi ya Kenya yaliposhuka kutoka baharini kwenye ufuko wa Kismayu, Somalia, ulimwengu ulisikia habari za kutua kwao. Zamu zilizowafikisha hazikutajwa.

Askari wa nchi kavu na polisi aliyeko lindoni wanaijua siri hiyo. Anayesinzia zamuni hajihatarishi peke yake. Na baharini, wenzake hawana pa kukimbilia.