Mpanda Pikipiki na Ua la Mkonge

Wako watu wengi wasemao kwamba pikipiki ni chombo cha haraka tu, chenye faida ya kumfikisha mtu kazini na hasara ya kumfikisha kaburini kabla ya siku zake. Hatubishi. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike kijana mmoja, mwenzetu kazini, ambaye ndiye aliyetufundisha kuendesha pikipiki. Aliondoka Dar es Salaam asubuhi ya mvua kwenda kuwaamkia wazazi wake, akajaribu kulipita lori penye mwinuko asikoweza kuona mbele, wala hakufika. Kofia yake ngumu ilikuwa imetundikwa kwenye usukani.

Lakini kijana huyo huyo alitufunza na jambo la pili, nalo ndilo tupendalo kuwaeleza wasomaji wetu leo. Alizoea kusema kwamba abiria wa basi huijua njia kwa macho, bali mpanda pikipiki huijua kwa ngozi.

Tuliyakumbuka maneno hayo Jumamosi moja tulipoishika barabara ile ile ya Morogoro, mwendo wa kilomita 190 hivi. Tuliondoka kabla ya mapambazuko. Tulipoteremkia bonde la Ruvu, baridi ilitupenya vifuani, kwani ukungu ulikuwa bado umeulalia mto. Tulipopanda ng'ambo ya pili, joto likaturudia kama tulioingia jikoni. Tulipita penye harufu ya udongo ulionyeshewa, tena ya mkaa, tena ya maembe yaliyoiva mno. Kila moja ilitujia mara moja, na kabla hatujaipa jina lake ilikwisha pita. Mbele ya Chalinze milima ya Uluguru ikaanza kutokea, kwanza mfano wa moshi, kisha buluu, kisha kijani.

Karibu na Morogoro tulizima mashine kando ya shamba la mkonge. Mimea kadhaa ilikuwa imetoa milingoti mirefu kuliko nyumba, yenye maua ya kijani na manjano. Mzee mmoja alikuwa akipita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki imeharibika?"

"La, tunatazama maua."

Mzee akacheka. Alikuwa amekata mkonge tangu ujana wake. "Hayo ni maua ya kuagia," akasema. "Mkonge hautoi mlingoti mara mbili."

Alisema kweli. Mkonge hukatwa majani kwa miaka mingi, hutoa maua mara moja tu, kisha hufa. Nao mlingoti, kabla ya kukauka, huangusha miche midogo iwezayo kupandwa. Hata zao lenyewe limepata asubuhi yake na jioni yake. Mjerumani Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893. Kufikia mwaka 1964 mashamba yetu yalitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kwa jasho la maelfu ya wakata mkonge. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Walioyamiliki zamani walidhani hayana mwisho.

Je, haya yatutie huzuni? Hata kidogo. Yatupasa kutazama, maana kizuri hakitusubiri. Na macho yale yale yauonayo mlingoti ndiyo yaonayo shimo, utelezi, na mtoto anayetaka kuvuka njia. Mtu ajuaye kwamba kila kitu hupita hana haja ya kukipita kila kitu.

Basi, ndugu wafanyakazi mwendao kiwandani kwa pikipiki, nanyi vijana mchukuao abiria: vaeni kofia, na abiria avae yake. Msilipite gari msikoona mbele. Tena siku ya mapumziko simameni kando ya njia, mzime mashine, mtazame.

Jioni ile, tulipokuwa tukirudi, tuliufikia mwinuko alikoangukia mwenzetu. Mbele yetu palikuwa na lori la mahindi, likipanda kwa taabu. Tulikwenda nyuma yake polepole mpaka juu.