Makocha wa Kupita, Makwotabeki Wabichi

Mfanyabiashara mmoja wa jezi, aliyehama Mombasa miaka mingi iliyopita na ambaye duka lake sasa liko katika mji mmoja wa kaskazini ya Marekani ambao klabu yake imezoea kushindwa kuliko kushinda, anasema kwamba hasara yake haitokani na kushindwa kwenyewe, maana watu wa mji ule wamekwisha kulizoea jambo hilo na jezi hununua hivyo hivyo, bali inatokana na majina. Mgongoni mwa kila jezi pana jina, na jina linalouzika kuliko yote ni la kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi katika futboli ya Kimarekani. Na tangu yeye afungue duka hajapata kumwona kwotabeki wa klabu ile akidumu muda wa kutosha hata jezi zake zikachakaa miilini mwa walionunua. Ghalani mwake yamelala maboksi ya vijana watatu, ambao kila mmoja wao alipokewa kwa ngoma na tarumbeta katika uteuzi wa Aprili wa wachezaji wapya, akawekwa uwanjani mwezi wa Septemba, kisha akaondolewa kimya kimya kabla mkataba wake wa kwanza haujamalizika. Anayemuuzia kwa jumla hakubali kurudishiwa bidhaa. Jina lililokwisha bandikwa halibanduki bila kuacha alama, na jezi yenye alama, asema mzee huyo, bei yake ni bei ya tambara la kufutia gari.

Malalamiko ya muuza jezi yangekuwa jambo dogo lisilostahiki kurasa za tijara, lau si kwamba swali analouliza ndilo swali ambalo wenye klabu wenyewe, pamoja na mali yao yote, hawajaweza kulijibu: je, vijana wale walikuwa wabovu tangu mwanzo, au walibovuka mikononi mwa waliowanunua? Yeye hana shaka na jawabu. Anahesabu kwa vidole kwamba katika muda wa vijana wale watatu klabu ilipitiwa na makocha wakuu wengi kuliko makwotabeki, na kwamba kila kocha aliyeingia alikuta mwanafunzi asiyemchagua yeye, naye akawa anamtazama kama mtu anavyotazama fanicha iliyoachwa na mpangaji aliyehama.

Ili kuielewa kadhia hii yafaa kwanza kutazama bei. Mwaka 2010 kijana wa kwanza kuteuliwa, naye alikuwa kwotabeki, alitia sahihi mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 78, na katika hizo milioni 50 zilikuwa na dhamana. Mwaka uliofuata, baada ya mapatano mapya ya 2011 baina ya wenye klabu na chama cha wachezaji, kijana wa kwanza, kwotabeki vilevile, alipata miaka 4 kwa kiasi cha milioni 22. Tangu hapo bei ya kijana imefungwa kwa kipimo kisichobishaniwa: miaka minne, na kwa walioteuliwa katika duru ya kwanza klabu ina hiari ya kuongeza wa tano. Wakati huohuo bei ya bingwa aliyekwisha thibitika imepanda hata kufikia dola milioni 60 kwa mwaka mmoja, ilhali kikomo cha mishahara ya timu nzima kwa mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Basi klabu iliyobahatika kupata kijana hodari kwa dola milioni kumi au pungufu kwa mwaka hubakiwa na fungu nono la kununulia walinzi na wapokeaji, nayo kwa hiyo huwa na haraka ya kulitumia fungu hilo kabla mtoto hajakua na kudai chake. Mkataba wa bei rahisi ni kama barafu sokoni. Kila siku unayokaa nayo bila kuuza inapungua.

Upande wa pili wa hesabu ni kocha, na hapa ndipo mwandishi huyu anapoona ulipo ubovu. Mshahara wa kocha hauhesabiwi katika kile kikomo. Klabu yaweza kumfukuza leo, ikaendelea kumlipa miaka iliyosalia ya mkataba wake, ikamwajiri mwingine na kumlipa yeye pia, na isipoteze hata dola moja ya haki yake ya kununua wachezaji. Kwa tajiri aliyekasirika, mwenye magazeti mlangoni na mashabiki wanaozomea, hakuna tengenezo jepesi zaidi ya hilo, na si ajabu kwamba katika miaka ya karibuni klabu tano hadi kumi kati ya 32 hubadili kocha mkuu kila mwaka. Hasara ya kweli ya mabadiliko hayo haiandikwi katika daftari lolote, kwa sababu anayeilipa ni yule kijana.

Kocha mpya huja na lugha mpya. Mchezo uleule, wapokeaji walewale wakikimbia njia zilezile, sasa unaitwa kwa jina jingine. Hatua tatu za kurudi nyuma zimekuwa tano. Mguu uliofundishwa kutangulia sasa unafundishwa kungoja. Sauti ya kocha humfikia kijana kwa redio iliyomo ndani ya kofia yake, lakini sauti hiyo hukatwa saa ya kuanzisha mchezo inapobakiwa na sekunde 15, na kuanzia hapo hana msaada ila yaliyokwisha kaa kichwani. Na mtu aliyebadilishiwa lugha mara mbili katika miaka mitatu husimama pale akitafsiri, ilhali majitu ya kilo mia na thelathini yanamjia. Fauka ya hayo, hata kufanikiwa hakumwokoi, kwani mwalimu msaidizi akimfundisha kijana vizuri, klabu nyingine humwita mwalimu huyo Januari akawe kocha wao mkuu. Mwanafunzi akianguka hupoteza mwalimu, na akifaulu humpoteza vilevile.

Mwaka 2021 makwotabeki watano walichukuliwa katika nafasi 15 za mwanzo, na wajuzi walisema ni kizazi ambacho hakijaonekana kwa muda mrefu. Kabla ya msimu wa 2024 kuanza, wanne kati ya hao watano walikuwa wamekwisha hamishiwa klabu nyingine. Yule wa tatu, ambaye klabu yake ilitoa haki za kuteua za duru ya kwanza za miaka mitatu na nyongeza ya duru ya tatu ili impate, aliuzwa kwa haki moja ya duru ya nne. Wengine watatu walikwenda kwa bei iliyozunguka duru ya sita, ambayo katika soko lile ni karibu na kupewa bure. Hakuna biashara nyingine ya mali kubwa namna hii, iwe ya meli au ya ng'ombe wa maziwa, ambamo mnunuzi hupoteza rasilmali yake kwa kasi hiyo na bado mwaka wa pili akarudi mnadani kwa mkoba uleule.

Ofisa mmoja wa upande wa ligi, ambaye hakupenda kutajwa, ana tarakimu ya kuwanyamazisha walalamikaji, naye aliirudia mara kadhaa: mchezaji anayeingia katika kikosi cha mwanzo wa msimu wake wa kwanza, asema, hudumu kwa wastani wa miaka 6 hivi, na kazi inayompa mtu miaka 6 haiwezi kuitwa kazi inayowatupa watu. Tarakimu hiyo si ya uwongo, walakini imechaguliwa kama mchuuzi anavyochagua maembe ya juu ya kikapu. Inawahesabu waliokwisha pita mlangoni na kuwasahau walioishia nje; chama cha wachezaji, kinachowahesabu wote, kimekuwa kikitaja miaka 3 na kitu tu. Na hata tukiikubali sita ya ofisa, haituambii lolote juu ya kwotabeki, ambaye kudumu katika ligi na kudumu katika klabu moja ni mambo mawili mbalimbali: anaweza kumaliza miaka yake sita akiwa amebeba begi kwa miji minne. Nilipomweleza hayo, ofisa alisema kwamba kikomo cha mishahara kimepanda kutoka dola milioni 182.5 mwaka 2021 na kwamba takwimu hiyo yenyewe ni ushahidi wa afya. Ni ushahidi wa afya ya televisheni.

Maana mapato makubwa yako huko. Mikataba ya matangazo iliyofungwa mwaka 2021, ya miaka 11, ilikadiriwa kupita dola bilioni 110, na fungu hilo hugawanywa sawasawa, aliyeshinda na aliyeshindwa. Katika klabu zote 32 iko moja tu, katika jimbo la Wisconsin, ambayo haina tajiri, hisa zake zikiwa mikononi mwa watu wengi wa kawaida, nayo kwa sababu hiyo hutangaza hesabu zake. Hesabu za karibuni zilionyesha mgawo wa kitaifa wa zaidi ya dola milioni 430 kwa mwaka. Klabu iliyoshinda michezo mitatu kati ya 17 hupokea kiasi hichohicho. Mtu akishalipwa hivyo, kushindwa humuuma moyoni na hakumuumi mfukoni.

Ajabu ni kwamba klabu hiyohiyo isiyo na tajiri ndiyo iliyopata sifa ya subira. Mwaka 2005 ilimteua kwotabeki katika duru ya kwanza ikamkalisha benchi misimu mitatu nyuma ya mkongwe. Mwaka 2020 ikafanya vilevile, na kijana wa pili naye akangoja mpaka 2023. Wote wawili walipoanza walikuwa wamepikika. Simwambii msomaji kwamba kukosekana kwa tajiri ndiko kulikoleta subira, kwa kuwa walikuwa na mkongwe wa kumkalisha kijana nyuma yake, na klabu zinazoshindwa aghalabu hazina. Lakini dalali mmoja wa wachezaji, nilipomuuliza, alicheka akasema kwamba hakuna mteja wake anayetaka kupelekwa mahali pa kungojeshwa, kwa kuwa mkataba wa pili ndio wenye fedha na mtu hapewi mkataba wa pili kwa kuangalia wenzake wakicheza.

Dalali huyo ana manung'uniko yake. Tangu msimu uishe mpaka kuingia kwa Aprili mapatano yanamkataza kocha wa klabu kumfundisha mchezaji, na msimu ukianza mazoezi ya kuvaa mavazi kamili ya kinga hayazidi 14, ambayo sehemu kubwa huchukuliwa na kwotabeki wa kwanza. Wa pili na wa tatu hutazama. Sheria hiyo imeokoa vichwa na magoti ya watu wengi na hakuna mwungwana atakayetaka ifutwe. Pengo lililobaki, hata hivyo, limezaa tijara mpya ya walimu wa binafsi, ambao huwafundisha vijana kurusha mpira kwa malipo ya vijana wenyewe, na ambao mafundisho yao hayalazimiki kuafikiana na ya klabu. Kijana hurudi Aprili na mkono uliotengenezwa na fundi mmoja na miguu inayodaiwa na fundi mwingine, na ukitokea mgogoro kila fundi humwonyesha mwenziwe kidole.

Kuhusu mbele, wapo wanaotumaini. Vyuo, ambavyo ndivyo vitalu vya mchezo huu na ambavyo ligi haivilipi chochote, tangu 2025 vimeruhusiwa kuwagawia wachezaji wao moja kwa moja hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa kila chuo, na huenda vijana wakaona heri wakae huko mwaka mmoja au miwili zaidi, wafike wakiwa wamekomaa. Huenda pia wasikomae, kwa kuwa siku hizi huhama chuo hadi chuo kwa kufuata malipo, na kila chuo kina kocha wake na lugha yake. Na iko habari ya kwotabeki mmoja aliyeteuliwa wa tatu mwaka 2018, aliyetupwa na klabu mbili, akakaa akiba katika ya tatu, kisha mwaka 2024, katika ya nne, akashinda michezo 14, na mwaka uliofuata akapewa na ya tano mkataba wa miaka mitatu unaokadiriwa dola milioni 100. Wenye matumaini husema habari hiyo yathibitisha kwamba kijana huweza kuiva akiwa amechelewa. Mimi naona yathibitisha kwamba klabu ya kwanza ilikuwa na mali ambayo haikuijua, ikalipia gharama zote za utoto wake na kumwachia mwingine mavuno. Na sioni, katika mpango wa mishahara wala katika mgawo wa televisheni, kitu kitakachomlazimisha tajiri kungoja safari nyingine.

Muuza jezi amekwisha kata shauri lake. Za kijana wa sasa, ambaye picha yake imetundikwa mpaka kwenye vituo vya mabasi, ameagiza chache tu, na karibu zote za vipimo vya watoto, kwa sababu mtoto hakui na jezi moja zaidi ya miaka miwili. Fedha iliyobaki ameitia katika jezi za wachezaji waliostaafu zamani. Yale maboksi matatu bado yapo ghalani. Mkewe amemshauri ayapeleke Mombasa, ambako jina la mgongoni halina maana kwa mtu yeyote, naye anapiga hesabu ya nauli ya meli.