Mshahara Kabla ya Jua Kuchwa

Leo twafungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 14 na 15. Hapo watu wa Mungu waagizwa wasimwonee kibarua aliye maskini, awe ni ndugu yao au mgeni. Apewe ujira wake siku ile ile, jua lisije likachwa, kwa kuwa huo ndio anaoutegemea. Jirani zetu Waislamu, ambao hapa Kwale ndio wengi, nao wafundishwa katika hadithi za Mtume wao kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi katika jambo hili kanisa na msikiti havina la kubishania.

Sasa tutazame Diani. Desemba wageni hujaa. Masika yakiingia, hoteli nyingi hupunguza watu, na nyingine hufunga kabisa mpaka mvua ziishe. Aliyekuwa akitandika vitanda na kufua mashuka hurudi nyumbani mikono mitupu, na karo ya shule yamngoja. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, wengi walipelekwa likizo bila malipo. Mtu kama huyo akienda peke yake kwa meneja atasema nini? Ataogopa, na hatumlaumu.

Watu wa hoteli wanacho chama chao, KUDHEIHA, kilicho ndani ya COTU. Wako waumini wanaodhani chama cha wafanyakazi ni fujo na migomo tu. Sivyo. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa 1891, alitetea haki ya wafanyakazi kuungana. Na hapa kwetu Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chamani. Ng'ambo ya kivuko cha Likoni, Januari 1947, makuli wa bandarini, watu wa reli, wa hoteli na watumishi wa majumbani waliacha kazi pamoja, wakakutana mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Wakati huo hawakuwa na sheria ya kuwalinda kama tuliyo nayo leo.

Sheria hiyo hufanyaje kazi? Mwajiri sharti akitambue chama kikiwa kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Ndipo pande mbili hukaa mezani na kuandika mapatano ya mishahara na saa za kazi. Wakipungua nusu, meza hiyo hawana. Kwa hiyo kazi yote ni hesabu ya vichwa, na kinachoizuia ni hofu. Hapo ndipo nyumba ya ibada ifaapo. Katika kwaya moja mna watu wa hoteli tano au sita, wala hakuna msimamizi anayewasimamia kichwani. Afisa wa chama aalikwe baada ya ibada, na msikitini baada ya sala ya Ijumaa, awasomee watu Sheria ya Ajira ya 2007: kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi; kwamba kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mkataba wa maandishi; na kwamba kuingia chamani si sababu ya kumfukuza mtu.

Twaongeza neno moja, nalo huenda lisipendeze kwa wazee wa kanisa. KUDHEIHA si cha hoteli peke yake. Ni cha watumishi wa majumbani pia, wa shule na wa hospitali. Basi mpishi wa shule ya kanisa yumo, na mfagiaji wa zahanati, na yaya anayebaki na watoto huku sisi tukiimba. Jumapili hii mweka hazina aulizwe mbele ya kamati: je, mlinzi wetu wa usiku ana mkataba wa maandishi? Hupata likizo yake ya siku 21 kwa mwaka? Kama hapati, apewe, na fomu ya chama apelekewe yeye kwanza, kabla hatujabisha hodi kwa meneja wa hoteli.