Ajali ya Pikipiki Tukuyu, na Mafunzo Yake kwa Wanachama



Tuliahidi kuwaelezeni safari yetu ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, tulikotumwa na Chama kwenda kutazama jinsi wakulima wadogo wa chai wanavyopima na kuuza majani yao. Habari za chai zitafuata katika toleo lijalo, Inshallah. Leo hapana budi tuanze na jambo jingine lililotupata huko, ambalo lilitulaza kitandani wiki sita, na likatufundisha mambo tuliyokuwa hatuyajui, ijapokuwa kazi yetu ya kila siku ni kutunza karatasi za watu wengine.

Mji wa Tukuyu uko juu milimani. Barabara ya lami itokayo Uyole hupita Kiwira, ikafika Tukuyu, kisha ikateremka mpaka Kyela na Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi. Kando yake ni migomba, chai na miparachichi, na juu ya yote umesimama Mlima Rungwe, ambao urefu wake ni karibu mita 3,000. Mvua inayonyesha Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi wa Pemba tumezoea masika, walakini ukungu wa Rungwe ni kitu kingine: mtu huweza kuona mkungu wa ndizi ulio karibu naye, asione gari lijalo.

Siku ile tulikuwa Katumba tangu asubuhi. Majani mabichi ya chai hayangoji; yakichumwa leo sharti yafike kiwandani leo, na kwa hiyo watu wote walikuwa mbioni, nasi tukapata haraka kama wao. Tukapanda bodaboda ituruhusu kuwahi mjini. Yule kijana mpanda pikipiki alitupa kofia ngumu akasema, "Ustadhi, vaa hii." Tuliitazama, tukaona imelowa na inanuka jasho la abiria wengine, tukamwambia, "Tumeshavaa kofia yetu." Wanachama, kofia yetu ilikuwa ya kitambaa, ya kushonwa kwa mkono. Twaandika haya kwa aibu, lakini twayaandika.

Hatukwenda mbali. Gari dogo la mizigo lilitoka njia ya vumbi likaingia barabara kuu bila ya kusimama, likatugonga ubavuni kwa nyuma. Kijana alitupwa upande mmoja nasi upande mwingine, tukaangukia majani mabichi yaliyolowa mvua. Kichwa kilisalimika kwa rehema ya Mungu tu. Mguu wa kulia ulivunjika juu ya kifundo.

Dereva wa gari hakukimbia, na hilo tunamshukuru. Alitujia akitetemeka, akaomba yaishe pale pale. Alitoa shilingi 150,000, nusu yetu na nusu ya kijana. Na yule kijana, ambaye damu zilikuwa zikimtoka kiwikoni, naye alituomba tukubali. Pikipiki haikuwa yake. Alikuwa nayo kwa mkataba, akimpelekea mwenyewe fedha kila siku, naye alihofu kwamba ikizuiliwa kituoni atakosa chakula cha watoto. Tulimhurumia. Mkono wetu ulikuwa umeshanyooshwa kupokea zile fedha.

Aliyetuzuia ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa kasimama na kina mama waliokuwa wakipeleka ndizi sokoni. Alisema kwa upole, "Mgeni wetu, pole sana. Lakini fedha ya barabarani humalizika kabla mguu haujapona. Itieni ajali hii katika maandishi kwanza, kisha msameheane mkitaka." Kisha akatuomba simu yetu, akapiga picha ya gari na namba yake, stika ya bima kwenye kioo, leseni ya dereva, na alama za magurudumu kwenye tope, akatuandikia jina lake na la mama mmoja aliyeona. Hatukupata kuona mtu aliyetufanyia wema mkubwa kwa dakika chache hivyo.

Basi tukapita polisi, tukapewa hati ya PF3, ndipo tukapelekwa hospitali. Na hapa tuwaelezeni maana ya karatasi hiyo. PF3 ni Hati ya Polisi Namba 3, ambayo daktari hujaza aina na ukubwa wa majeraha. Mtu aliye hatarini atibiwe kwanza na hati ifuate. Lakini asiyekuwa nayo atapata taabu baadaye kuthibitisha kwamba mguu wake ulivunjwa na gari wala hakuteleza kisimani kwao.

Tuliporudi Pemba na magongo yetu, tulianza safari ya pili, nayo ni ya bima. Wengi wetu hudhani bima ni stika tu ya kumridhisha askari. Sivyo. Kwa sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, kila chombo cha moto kinachotembea barabarani sharti kiwe na bima ya kuwalinda watu wengine watakaoumizwa nacho. Ndiyo iitwayo bima ndogo. Bima hiyo haitengenezi chombo cha mwenyewe. Hulipa madhara aliyowafanyia wengine. Anayetaka chombo chake nacho kitengenezwe hukata bima kubwa.

Kwa kuwa aliyekosa ni dereva wa gari, madai yetu yaliielekea kampuni iliyokatia bima gari lile. Kijana naye, kwa pikipiki yake iliyopinda na kwa kiwiko chake, alidai huko huko, maana hati nyingi za bima ndogo hubeba pia mali ya mtu mwingine kwa kiwango kilichoandikwa. Pikipiki ilizuiliwa siku chache kukaguliwa, kisha ikatoka. Hofu ya yule kijana ilikuwa ya kweli, lakini lau tungalipokea zile fedha za barabarani, fungu lake lisingalitosha hata kununua gurudumu.

Liko jambo lililotushtua zaidi. Bima ya ile pikipiki ilikuwa ya matumizi binafsi, na hali kazi yake ilikuwa kubeba abiria kwa nauli. Bima hukatwa kwa kazi iliyotajwa katika hati. Lau kosa lingekuwa la yule kijana, kampuni yake ingepata sababu ya kukataa kumlipa abiria, nasi tungebaki tukimdai mtu asiyekuwa na kitu.

Madai yetu yalichukua miezi saba. Kampuni ilitaka taarifa ya polisi na ramani ya ajali, PF3 iliyojazwa, maelezo ya daktari, stakabadhi, na nakala ya hukumu, kwani dereva alishitakiwa mahakamani akakiri kosa. Waliuliza pia kama tulivaa kofia ngumu. Tukasema kweli, hatukuvaa. Kwa kuwa jeraha lilikuwa la mguu, jibu hilo halikutudhuru. Lingekuwa la kichwa, wangekuwa na hoja ya kutupunguzia fidia, nasi tusingekuwa na la kujibu.

Mwezi wa tatu walituletea karatasi ya kutia sahihi, ili tupokee fedha fulani. Fedha zilikuwa zinahitajika sana nyumbani. Tuliisoma mara mbili, tukaona imeandikwa kwamba hayo ni malipo ya mwisho na hatutadai tena kitu chochote, hali mguu ulikuwa bado haujakanyaga chini. Tukairudisha kwa barua ya adabu, tukingoja daktari aseme tumepona. Malipo ya mwisho yalipatikana, yakapita yale ya kwanza, ingawa hatukupata yote tuliyotumia. Magari ya kukodi ya kwenda na kurudi hospitali hatukuyadai stakabadhi, na fedha hizo zimepotea.

Wanachama, haya ndiyo tunayowausia. Kofia ngumu ivaliwe hata ikinuka, na ifungwe kidevuni. Kabla ya kupanda, itazameni stika. Siku hizi Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, imeweka njia ya kuihakiki kwa simu yenye intaneti kwa kutumia namba ya chombo. Ajali ikitokea, msikubali fedha za barabarani panapokuwa na mtu aliyeumia. Chukueni namba, picha na majina ya mashahidi. Wekeni kila stakabadhi, na mpelekapo nakala, asili ibaki kwenu. Ipelekeeni kampuni taarifa mapema kwa maandishi, wala msitie sahihi karatasi ya mwisho kabla ya kupona. Kampuni ikikataa bila ya sababu, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Na kwa ajali za Bara, mahakama humpa aliyeumizwa miaka 3 tu ya kufungua kesi. Sisi wa Visiwani tuna sheria zetu za barabarani, lakini mwanachama avukaye bahari sharti azijue za huko aendako.

Wako wenzetu watakaosema kwamba ajali ni kadari na bima ni kutomtegemea Mungu. Tuliosoma chuoni twakumbuka tulivyofundishwa kwamba ngamia afungwe kwanza, kisha ndipo mtu amtegemee Mola wake. Na aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Bakara, inahusu deni kuandikwa na mashahidi kuwekwa. Yule mwalimu wa Tukuyu hakuwa Mwislamu, lakini aliyotutendea pale tope lilipokuwa bado lina alama ndiyo mafunzo ya aya hiyo.

Mwisho, tuitazame nyumba yetu. Kila msimu wachumaji huanguka mikarafuuni, na mara nyingi jambo humalizwa chini ya mti kwa pole na fedha kidogo, hapana lililoandikwa, wala hapana aliyeitwa kuwa shahidi. Tofauti yake na zile shilingi 150,000 za Katumba hatuioni. Kwa hiyo tutauomba Mkutano Mkuu ujao ukubali Chama kiwe na daftari la ajali, ambamo kila aliyeanguka ataandikwa jina lake, siku, shamba, jeraha na mashahidi wawili. Kila mwanachama aje na mawazo yake.

Kijana wa Tukuyu ametupigia simu juzi. Pikipiki imetengenezwa, mwenyewe ameibadilisha bima yake iwe ya abiria, na kofia ngumu amenunua mpya. Anasema hiyo haina harufu.

Katibu wa Chama